Aliyefagia Mchanga Yuko Wapi?

Kuna kalenda moja ambayo karibu kila msomaji amepata kuiona imetundikwa ukutani, ikiwa si katika ofisi ya wakala wa ndege basi katika duka la kinyozi, au sebuleni kwa jamaa aliyeletewa zawadi kutoka ng'ambo. Picha iliyo juu ya miezi na tarehe ni ya kisiwa cha Karibi. Mnazi mmoja umeinama kuelekea baharini, mchanga ni mweupe kama unga wa muhogo uliochekechwa, na maji ni ya samawati karibu na pwani, kisha buluu iliyokolea huko mbali. Mtu hayumo. Hata alama ya unyayo haimo.

Mtu mzima akiitazama husema, "Pazuri hapa," kisha hutafuta tarehe aliyoijia. Mtoto mdogo, ambaye hajafundishwa bado kusifu kila kilichotundikwa, huuliza swali lenye maana zaidi: wenyewe wako wapi?

Swali hilo lina jibu. Tangu mwaka 2011 fukwe nyingi za Karibi zimekuwa zikivamiwa na mwani wa rangi ya kahawia unaoelea kutoka bahari ya Atlantiki, ukatupwa nchi kavu marundo kwa marundo, ukaoza na kunuka mithili ya mayai viza. Penye hoteli, vibarua huamka mapema, wakaukokota kwa reki, wakaupakia katika matoroli na kuuondoa, ili mgeni atakapofungua dirisha akute mchanga mweupe aliouona katika tangazo. Kwa hiyo mchanga wa kalenda aghalabu ni mchanga uliofagiwa, na aliyeufagia amekwisha kusogea pembeni kabla picha haijapigwa.

Makala ya juma hili yanahusu picha za namna nyingine, yaani zile za wapiga picha waliomwacha mfagiaji abaki mahali pake.

Visiwa vya Karibi vimetandazwa baharini kama shanga zilizokatikiwa na uzi, kuanzia Kuba na Jamaika hadi Trinidad iliyo jirani kabisa na Amerika ya Kusini. Wakaazi wake ni zaidi ya milioni 40. Wengi wao ni wajukuu wa Waafrika waliosafirishwa utumwani kulima miwa; wengine ni wajukuu wa Wahindi walioletwa kwa mikataba baada ya utumwa kupigwa marufuku, na wengine wa Wazungu waliokuja kutawala au kutafuta maisha. Sukari ndiyo iliyowakutanisha, na katika picha nyingi za maana zilizopigwa huko, sukari haiko mbali.

Kamera ilifika mapema, lakini haikufika kwa ajili ya wenyeji. Mwaka 1891 yalifanyika maonyesho makubwa ya kimataifa mjini Kingston, Jamaika, na katika mwaka uo huo kampuni ya Valentine ya Dundee, huko Scotland, iliyokuwa mashuhuri kwa picha za kuuza, ilituma mpiga picha wake kisiwani. Serikali ya kikoloni ilitaka wageni wenye fedha. Wenye meli za ndizi nao walitaka abiria, kwa kuwa meli zile zile zilizopeleka matunda Marekani zilikuwa na nafasi ya kuleta watalii. Zikaenea basi picha za mwanamke wa sokoni na punda wake, za mchukuzi na mkungu wa ndizi kichwani, za njia nyembamba ipitayo chini ya michikichi. Krista Thompson, mwanahistoria wa sanaa mzaliwa wa Bahama, ameeleza katika kitabu alichokitoa mwaka 2006 jinsi picha hizo za Jamaika na Bahama zilivyokusudiwa kumwonyesha mgeni nchi tulivu, safi, yenye watu wapole wasio na neno.

Hapo ndipo penye hila, na msomaji atafakari kidogo. Katika picha hizo watu wamo. Mwanamke mwenye mkungu amesimama wazi mbele ya kamera, na huenda anatabasamu. Kisichokuwamo ni uzito wa mkungu. Hapana anayeonekana akiupokea na kuuhesabu, hapana ujira, hapana safari ya kurudi kwa ajili ya mkungu mwingine. Amewekwa pale kama chungu cha maua kinavyowekwa barazani. Basi kuwamo tu ndani ya picha hakutoshi kumpa mtu heshima yake.

Miaka arobaini na miwili baadaye, yaani mwaka 1933, Mmarekani mmoja kwa jina Walker Evans alifika Havana, mji mkuu wa Kuba. Alikuwa na umri wa miaka 29 na bado hakuwa na sifa kubwa. Alitakiwa kupiga picha za kutiwa katika kitabu cha Carleton Beals kilichowashutumu watawala wa Kuba na mabepari wa Marekani waliowaunga mkono. Nchi ilikuwa mikononi mwa dikteta Gerardo Machado, ambaye angeikimbia mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Mtu angetarajia kwamba Evans angezitafuta maiti, magereza na askari. Alizipata baadhi kutoka kwa wengine. Lakini yeye mwenyewe, katika majuma machache aliyokuwa huko, alizunguka zaidi mitaani akiwapiga picha wapagazi wa makaa bandarini, nyuso zao zimejaa vumbi jeusi, wanawake madirishani, watu waliolala juu ya mabenchi, mabango ya sinema.

Picha yake moja imekuwa mashuhuri kupita nyingine. Mtu mweusi, mrefu, mwembamba, amesimama kando ya barabara katika suti nyeupe iliyopigwa pasi, na kofia ya majani kichwani. Nyuma yake magazeti yenye nyuso za waigizaji yamepangwa kwa ajili ya kuuzwa. Haitazami kamera. Macho yake yameelekea upande, makali, kama ya mtu anayemngoja mwenziwe au anayechunga asifuatwe. Mtu huyo hakuombwa atabasamu, wala hakukusudiwa ahurumiwe. Anazo shughuli zake, na hazimhusu mtazamaji. Mtazamaji hubaki akijiuliza ni nani huyu, na nani aliyeifua suti ile ikawa nyeupe namna ile katika mji wenye njaa. Mara tu swali la namna hiyo linapoingia kichwani, mtu si chungu cha maua tena.

Hata hivyo Evans alikuja, akapiga, akaondoka. Yupo mwingine aliyekuja akarudi, kisha akakaa mpaka kufa kwake, na huyo ndiye anayestahili sehemu kubwa ya makala haya.

Jack Delano alizaliwa mwaka 1914 huko Ukraina na kupelekwa Marekani na wazazi wake akiwa mtoto. Alisomea uchoraji, akaingia katika upigaji picha, na mwaka 1940 akaajiriwa na idara ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia wakulima maskini. Idara hiyo ilikuwa na kitengo cha picha chini ya Roy Stryker, mtu ambaye hakuwa mpiga picha bali mwalimu wa uchumi. Stryker alishika sana jambo moja: mtu asipige picha ya kitu asichokijua. Husimuliwa kwamba alipokuwa akimtuma Carl Mydans kwenda kupiga picha za pamba, alimuuliza anajua nini juu ya pamba. Mydans akakiri kwamba hajui mengi. Safari ikaahirishwa, Stryker akakaa naye saa nyingi kumweleza pamba hupandwaje, huchumwa na nani, hununuliwa na nani, na faida huishia wapi. Msomaji aliyepata kuchuma pamba atakubali kwamba mpiga picha aliyeelezwa hayo, na mwenzake ambaye hakuelezwa, hawawezi kulipiga picha shamba moja kwa namna moja.

Mwishoni mwa mwaka 1941 Delano alitumwa Karibi, kwenye visiwa vya Virgin, ambavyo Marekani ilivinunua kutoka Denmark mwaka 1917, na Puerto Rico, ambayo iliitwaa kutoka Hispania mwaka 1898. Vita vikaikuta Marekani yeye akiwa huko. Alikaa miezi michache, akapiga picha mamia kwa mamia, na hizo ziko hadi leo katika maktaba ya bunge mjini Washington pamoja na picha nyingine za kitengo kile, ambazo zote kwa jumla hukaribia 175,000.

Ni picha gani? Lipo shamba la miwa linalochomwa moto karibu na Guánica, ili majani yaungue na kazi ya kukata iwe nyepesi. Wapo wakataji wenye mapanga, na mmoja aliyepumzika saa ya adhuhuri. Wapo wanawake na wasichana walioinama juu ya vitambaa katika viwanda vya kutarizi. Upo mtaa wa El Fanguito wa San Juan, ambao jina lake lina maana ya katopeni, na nyumba zake za mbao zimesimama juu ya nguzo ndani ya tope la mkondo wa bahari. Zipo picha za mkutano wa wagomaji wa sukari huko Yabucoa, Januari 1942, na ndani yake zimo nyuso za wasikilizaji: wanaume waliovaa kofia za majani, vinywa vimefumbwa, wakipima maneno wanayoambiwa.

Sasa, picha kama hiyo husomwaje? Wako watu wanaodhani kwamba kuielewa picha ya sanaa ni elimu ya wachache. Sivyo hata kidogo. Mama aliyezoea kuchambua mchele anao ustadi wote unaohitajika, kwa maana kazi ni ile ile ya kutopitisha jicho haraka. Kwanza atazame vivuli: kivuli kifupi kilicho chini ya miguu ni cha saa sita, na mtu anayekata miwa saa sita ana habari tofauti na anayekata asubuhi. Atazame miguu, kama ina viatu. Atazame mikono, kwa kuwa uso huweza kupangwa mbele ya kamera lakini mkono uliofanya kazi miaka ishirini haupangiki. Atazame kilichotiwa viraka na jinsi kiraka kilivyoshonwa, maana kiraka kilichoshonwa kwa uangalifu ni ushahidi kwamba nyumbani yupo mtu anayejali. Kisha atazame kando kabisa ya picha, pale ambapo mpiga picha mwenyewe huenda hakupakusudia: kipande cha gari, mkono wa mtu mwingine, mtoto anayechungulia. Mara nyingi pale kando ndipo siku ya kawaida inapoingia bila kubisha hodi.

Akishamaliza hayo na aulize juu ya msimu. Katika visiwa vya sukari mavuno yalichukua karibu nusu ya mwaka, kuanzia mwanzoni mwa mwaka. Nusu iliyobaki wenyeji wa Puerto Rico na Kuba waliiita wakati mfu, kwa sababu kazi haikuwapo, na deni la dukani lilikua kila juma. Kwa hiyo mkataji anayetoka jasho katika picha ya Januari yuko katika miezi yake ya neema. Anayejua hivyo huiona picha ile ile upya: jasho ambalo mgeni angelihurumia, mkataji mwenyewe alikuwa amelingojea tangu kiangazi kilichopita.

Kuna jambo moja katika kazi hiyo linalouma. Chini ya picha nyingi hakuna jina. Imeandikwa kibarua wa miwa, au mke wa mkulima, au watoto wa mtaa wa San Juan. Mahali pametajwa, mwezi umetajwa, kazi imetajwa, lakini mwenye uso hakutajwa. Delano hakuwa mtu wa dharau, na wengine aliwaandika majina yao; lakini ofisi iliyomtuma ilitaka mfano wa hali fulani, na mfano hauhitaji jina. Hivyo ndivyo mtu alivyoweza kutazamwa na maelfu, akatundikwa katika maonyesho na kuchapwa vitabuni, na mjukuu wake asijue kwamba yule ndiye babu.

Hapa msomaji na asimame kwanza, akatoe sanduku la picha lililo chini ya kitanda au bahasha iliyo kabatini. Azigeuze moja moja. Nyuma ya ngapi pameandikwa kitu? Yule bibi aliyekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya makuti anajulikana leo kwa sababu wako wazee wawili watatu wanaomkumbuka, na wao wakiondoka naye atakuwa mwanamke mzee mbele ya nyumba, basi. Penseli laini ndiyo ifaayo kwa picha za karatasi, kwa maana wino wa kalamu hupenya na kutia doa upande wa pili, na mwenye kuandika asikandamize. Yaandikwe majina yote kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka, na kama nafasi ipo, kazi waliyokuwa wakiifanya kabla ya kuitwa kupigwa picha. Hilo la mwisho husahauliwa na wengi, ilhali ndilo ambalo wajukuu huuliza. Kwa picha zilizo ndani ya simu maneno hayo yaandikwe daftarini au yatumwe pamoja na picha yenyewe, kwa kuwa simu hupotea na majina hupotea nayo.

Delano alirudi Puerto Rico mwaka 1946, baada ya kutumika jeshini, pamoja na mkewe Irene, aliyekuwa msanii wa michoro. Wakahamia moja kwa moja. Irene alianzisha karakana ya mabango ya kuchapa kwa kitambaa cha hariri, na humo wakajifunza baadhi ya wasanii waliokuja kuwa wakubwa wa kisiwa, kama Lorenzo Homar na Rafael Tufiño. Mwaka 1949 serikali ya kisiwa iliunda idara ya elimu ya jamii. Kwa njia ya filamu, mabango na vijitabu vya lugha nyepesi, idara hiyo ilipeleka elimu vijijini: kuchemsha maji, kujenga daraja kwa kujitegemea, kukaa pamoja na kushauriana bila kumngoja mkubwa. Filamu zilionyeshwa usiku mahali pa wazi, na mazungumzo yakafuata. Wanakijiji wenyewe mara nyingi ndio waliokuwa waigizaji. Tofauti na miaka ya nyuma ni kubwa: mwaka 1941 picha ya mkataji miwa ilipelekwa Washington itazamwe na maofisa, miaka kumi baadaye mkataji wa miwa alikaa juu ya jiwe akamtazama mwenziwe kwenye kitambaa cheupe, akacheka, akabisha, akasema mambo hayakwenda hivyo.

Kisha nchi ikageuka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali iliita viwanda kutoka Marekani kwa misamaha ya kodi. Vijana wakayaacha mashamba, na katika miaka ya 1950 zaidi ya watu laki nne walihama kisiwa, wengi wao wakaenda New York. Reli iliyobeba miwa na abiria ikafungwa katika miaka hiyo hiyo. Viwanda vya sukari vikafuata kimoja baada ya kingine, na vya mwisho vilifungwa mwaka 2000. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Delano, sasa mzee mwenye mvi, alichukua tena kamera akarudi katika maeneo aliyoyapiga picha ujanani, ili aweke ya zamani na ya sasa pamoja. Kazi hiyo ilionyeshwa katika maonyesho, na mwaka 1990 ikatolewa kitabu kiitwacho Puerto Rico Mío.

Mtu akizitazama picha hizo mbili mbili hupatwa na jambo la aibu kidogo, na afadhali lisemwe wazi. Picha za zamani ni nzuri zaidi. Mwanga umeanguka juu ya mbao zilizochakaa na makuti, ng'ombe amefungwa mkokoteni, moshi unapanda. Picha za miaka ya 1980 zina nyumba za saruji zenye nondo madirishani, magari, nyaya za umeme, makopo ya plastiki. Jicho hutamani kurudi kwenye zile za kwanza. Lakini mwenye jicho hilo na amuulize mwanamke aliyelala ndani ya nyumba ile ya mbao wakati wa kimbunga, akiwa na watoto wanne, maji yakipita chini ya sakafu. Yeye hakuitamani. Aliota nyumba ya saruji na bomba la maji, na alipoipata hakuomba radhi kwa mtu yeyote kwa kuharibu mandhari. Umaskini una namna ya kupendeza ukiwa mbali, na hiyo ndiyo kalenda ile ile imerudi kwa mlango wa nyuma, safari hii ikiwa na watu ndani yake na rangi nyeusi na nyeupe.

Delano alilijua hilo, na pengine ndiyo sababu aliziweka picha pamoja bila kuchagua upande. Katika zile mpya pia nyuso zina heshima ile ile. Lakini vilevile kuna upweke ambao haukuwamo: watu wachache zaidi katika kila picha, na nafasi kubwa kati ya mmoja na mwingine. Irene alifariki mwaka 1982, Jack mwaka 1997, huko huko Puerto Rico.

Si kila aliyeziona hali hizo alitoka ng'ambo. Alberto Korda alikuwa mwana wa Havana, na kazi yake ilikuwa kuwapiga picha wanamitindo waliovaa nguo za fahari. Mwaka 1959 alifika katika jimbo la Pinar del Río, magharibi mwa Kuba, akamkuta msichana mdogo kabisa, nywele zimemwangukia, amekumbatia kipande cha mti. Kipande hicho kilikuwa mwanasesere wake. Korda akampiga picha. Alieleza baadaye kwamba mtoto yule ndiye aliyemthibitishia kwamba kazi yake yapasa itumikie mapinduzi yaliyoahidi kuuondoa unyonge wa namna ile. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Machi 1960, mtu huyo huyo alipiga ile picha ya Che Guevara mwenye kofia yenye nyota, inayoonekana juu ya fulana na vioo vya nyuma vya mabasi duniani kote. Wanaoijua hiyo ni mamilioni. Wanaomjua msichana wa mwanasesere wa mti ni wachache, ingawa kwa mujibu wa Korda mwenyewe yeye ndiye aliyemfungulia njia. Mzazi aliyepata kumwona mwanawe akimbembeleza gunzi la hindi lililovishwa kitambaa hahitaji kuelezwa picha hiyo inasema nini. Huenda akatofautiana na Korda katika neno moja: mtoto yule hakuwa akisikitikia kukosa mwanasesere. Alikuwa naye, na amemshika sawasawa.

Siku hizi kamera ziko mikononi mwa wenyeji wengi, na miongoni mwao yupo Nadia Huggins, aliyezaliwa Trinidad mwaka 1984 na kukulia St. Vincent, kisiwa chenye volkano ya La Soufrière iliyolipuka tena mwaka 2021. Kwa sababu ya volkano hiyo mchanga wa fukwe nyingi za huko ni mweusi, nao hauonekani sana katika kalenda. Mwaka 2014 Huggins alianza mfululizo wa picha za wavulana wanaoruka kutoka mwambani na kuzama baharini baada ya shughuli za siku. Hakusimama pwani kuwangoja. Aliingia majini pamoja nao na kamera yake, akaogelea miongoni mwao mpaka wakamzoea, wakaendelea na michezo yao.

Juu ya mwamba wavulana hao ni wanaume: vifua mbele, sauti kubwa, kila mmoja akimshindania mwenziwe ni nani atakayeruka kutoka mbali zaidi. Chini ya maji mambo ni mengine. Mapovu yamemfunika mmoja, macho ameyafumba, mikono imelegea kama ya mtoto aliyebebwa usingizini, na hapana mwenziwe wa kumwona isipokuwa yule mwenye kamera aliye karibu naye. Pumzi itamwishia baada ya muda mfupi. Atapanda juu, atakohoa, atajipangusa uso, kisha atarudi mwambani na kudai kwamba hakuogopa.